Msimu wa Radi

Oktoba, Kakamega, saa nane mchana:
huhitaji saa ya ukutani.
Wingu linatoka upande wa msitu, limenuna,
na Shivachi, fundi wangu mdogo, anachomoa plagi
mojamoja kama mtu anayetoa miba:
televisheni, printa, chaja za simu za watu,
mwisho kabisa birika la chai.
Kisha tunakaa gizani na bidhaa zetu
tukisikiliza bati.

Wauza viatu wanavuta turubai na kulaani.
Mimi, Mungu anisamehe, ninahesabu.
Ngurumo moja ya karibu, modemu tatu.
Ikipigwa transfoma ya Lurambi
kesho foleni itafika kwa muuza mandazi.
Wahenga walisema kufa kufaana;
hawakutaja friji, lakini walimaanisha.

Na asubuhi wanakuja kweli.
Mwalimu Khavere, mashine yake ndani ya mfuko wa unga.
Yeye huiita kipakatalishi,
mimi huiita laptopu,
bei ni ileile.
Alama za darasa zima zimo humo.
"Haikupigwa," anasema, "imelala tu."
Wote husema hivyo.
Ninaifungua tumbo, harufu inanijibu kabla ya macho:
kapasita imepasuka kama bisi.
Nitamwambiaje imekufa
mtu mwenye wanafunzi arobaini na sita?
Niachie hadi Ijumaa, mwalimu.

Novemba ni ya kuvumilia.
Kodi ya chumba, deni la Nairobi,
kisha Desemba, watu wa mjini watakapokuja kununua
televisheni kubwa kuliko kuta za mama zao.

Rafu ya juu ni ya waliopona wakasahauliwa.
Bango niliandika mwenyewe, wino mwekundu:
KISICHOCHUKULIWA SIKU TISINI KITAUZWA.
Sijawahi kuuza hata rimoti.

Hapo ndipo ilipokaa redio ya Shitsama wa Shinyalu,
betri nne kubwa, waya badala ya antena.
Alilipa mia mbili.
Mia na hamsini, alisema, fahali wangu akishinda.
Sikuuliza asiposhinda.

Alhamisi jioni, umeme umekatika, nikaijaribu.
Ilikohoa, ikasafisha koo,
ikaingia moja kwa moja kwenye matangazo ya vifo.
Tulisikiliza kwa nusu sikio, kama kila mtu,
mpaka iliposema Shitsama.
Ikataja kijiji. Ikataja wake wawili,
wajukuu wengi mno kuhesabika,
fahali haikumtaja,
ikataja Jumamosi.
Shivachi akaniangalia, bisibisi mkononi.
Redio ikaendelea na marehemu mwingine,
sauti safi, bila mkwaruzo wowote.
Nilikuwa nimeitengeneza vizuri.

Jumatatu alikuja binti yake, Mmbone,
risiti imekunjwa mara nne,
viatu vina udongo mwekundu,
wa kaburini au wa barabarani;
kwa mvua hii huwezi kujua.
Hakulia. Aliuliza tu
kama inashika stesheni zote.
Zote, nikasema.
Ya kazi sikudai.
Ya betri nilidai. Betri si zangu,
ni za watu wa Nairobi, na bado sijawalipa.
Akahesabu sarafu juu ya kioo cha kaunta,
akarudia, akaongeza shilingi tano,
akaitia redio kwapani
kama mtu aliyebeba kuku wa kwenda naye nyumbani.

Nilitaka kumwambia nilivyoisikia.
Nikamwambia hivi:
usiiweke dirishani, radi hupenda waya.

Wingu lilikuwa limeshatoka msituni.
Nyuma yangu Shivachi
alikuwa ameshaanza na printa.