Mshono wa Ndani

Daftari langu la kliniki ni la kurasa tisini na sita,
jalada lina twiga mbele, jedwali la kuzidisha nyuma.
Mchwa wa Adjumani walianzia ukurasa wa nne:
wakala jina la daktari, wakala saa,
wakala mstari ulioeleza
kisu kilipita wapi ndani yangu.
Wakabakiza uzito wa mtoto. Kilo tatu na nusu.

Juu ya ngozi kovu limelala kama mkanda wa sketi.
"La nje halisemi la ndani," aliniambia Sista Ayikoru,
akilipitishia kidole taratibu
kama asomaye barua isiyo yake.

Hilo nalijua. Mimi ni fundi cherehani, soko la Arua,
meza ya tatu baada ya wauza mihogo.
Mteja akileta gauni lililofumuka
silitazami usoni. Naligeuza.
Bitana ndiyo husema kama aliyeshona alikuwa na haraka.
Lakini mimi mwenyewe sigeuziki.

Na kila mtu ana mkasi wake.
Mama Driciru, mkwe wangu: "Nimezaa saba,
wa tano njiani, nikitoka mto Enyau na mtungi kichwani.
Mlango upo. Kwa nini wabomoe ukuta tena?"
Ondoga hasemi kitu. Usiku anahesabu fedha,
anazihesabu tena, kana kwamba zitaongezeka kwa kuona haya.
Mara ile aliniona chini ya tochi ya simu,
jenereta likikohoa. Tangu hapo
saluni ya jirani ikiwasha lake, yeye huinuka, hutoka nje.
Zamzam, aliyekatwa mara tatu,
alinifunulia tumbo nyuma ya pazia la kupimia nguo:
"Unajua siku, unajua saa. Unaoga, unakwenda."
Kisha, akifunga kitenge:
"Ila ya tatu, miezi minne sikuinua ndoo."

Daktari kijana, macho mekundu kwa zamu:
"Kama walikukata chini, kwa kulala, unaweza kujaribu.
Katika mia mbili, mmoja hufumuka."
Alitumia neno hilohilo. Hufumuka.
"Lakini si kwenye zahanati ya kijijini. Hapa,
hatua thelathini kutoka chumba cha upasuaji."
Nikauliza: na hapa umeme upo?
Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

Jioni nilimwaga vifungo mezani:
mia moja tisini na tisa vyeupe, vya sare za shule,
na kimoja chekundu, cha koti la marehemu mama.
Nikafumba macho, nikachota.
Cheupe. Nikarudisha. Cheupe.
Mara arobaini, cheupe.
Cherehani za wenzangu zilikuwa zimenyamaza
nilipotambua kwamba sijifunzi kitu:
chekundu bado kilikuwa mle, kikimsubiri mtu,
na mtu huyo ana jina, ana daftari,
ana fundi anayemdai nguo haijaisha.

Basi sikuchagua kwa kifungo.
Nilichagua kwa uchovu, kwa hasira kidogo,
kwa kumkumbuka Anguyo, mzaliwa wangu wa kwanza,
niliyeletewa siku ya pili amevikwa nguo za kuazima,
nikauliza: huyu ni wa nani?

Nimepanga chumba nyuma ya hospitali
kuanzia wiki ya thelathini na nane. Godoro, jiko la mkaa.
Damu ya Ondoga imepimwa, inafaa kwangu;
siku hiyo ndiyo alisema sentensi nzima.
Kifungo chekundu nimekirudisha koponi. Sikukitupa.

Na kwenye ukurasa ambao mchwa hawakuufikia
nimeandika mwenyewe, kwa herufi za kibao cha duka:
NITAJARIBU.
MKIONA MSHONO UNAACHIA, MSINGOJE, KATENI.
AKITOKEA MLANGONI, AKITOKEA UKUTANI,
NIONYESHENI MIMI KWANZA.