Saa ya Alsask

Kwa ndege, Saskatoon hadi Calgary
ni saa moja na dakika tano.
Na majira ya baridi yana mzaha wake:
sisi huku saa zetu hatuzigusi mwaka mzima,
kule wamezirudisha nyuma,
basi unaruka saa tatu asubuhi
unatua saa tatu na dakika tano,
na jirani wa kiti hajamaliza kukuuliza kwenu wapi.

Kwa barabara ni kilomita mia sita na ushee,
saa sita theluji ikiwa na adabu,
nane kama lori la ngano limekutangulia
na dereva wake hana anayemngoja.

Mbaraka ni fundi mitambo, hubembeleza kwa hesabu:
petroli, matairi, uchovu.
"Panda ndege, Mwanaidi. Nauli imeshuka."

Sijamwambia kwamba ile safari ya ndege ndiyo iliyoniponza,
baada ya ugomvi wa bati,
bati za nyumba ya mama yake, Lushoto,
alizozilipia bila kunishauri,
nami nikasema neno ambalo simuni
lilitoka kubwa kuliko nilivyolitia.
Nilifika mlangoni kabla sijasamehe.
Akafungua, anacheka, supu iko jikoni,
na mimi nina sentensi nzima kinywani,
ya moto, bado imefungwa mkanda.

Kwa gari, hasira ina vituo vya kushukia.
Delisle nabishana naye kwa sauti,
natupa mikono, naukumbuka usukani.
Rosetown najaza petroli, najibu hoja zake zote,
namshinda.
Kufika Kindersley, ushindi una ladha ya mkate wa juzi.
Mbele ya hapo, nyasi kavu na seng'enge,
ghala la nafaka limesimama peke yake
kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.
Hapo ndipo namwona mama mkwe
akikinga mvua kwa sufuria tatu
huku akituandikia: sijambo, wanangu.

Halafu Alsask, mpakani.
Saa ya gari nairudisha kwa kidole:
saa kumi inakuwa saa tisa.
Saa nzima! Sikuivujia jasho, sikuikopa.
Naegesha kando, injini inanguruma,
nakunywa chai ya chupa, tangawizi imezidi,
nakaa.
Jumapili nikirudi wataidai pale pale,
wala hakuna dirisha la malalamiko.
Lakini leo ni Ijumaa.

Hanna. Drumheller, bonde, giza.
Taa za Calgary.

"Umetumia muda gani?"
"Saa tano na dakika ishirini."
"Sita na dakika ishirini," anasahihisha,
ananipokea begi. "Umesahau ile ya Alsask."
"Sikuisahau. Nimeitumia."

Navua viatu vya theluji, kimoja kinagoma.
"Hivi," namuuliza nikiwa nimeinama,
"zile bati zilitosha?"