Ukungu wa Newala

Asubuhi ukungu umepanda toka bonde la Ruvuma
mpaka ndani ya kamera yangu ndogo.
Picha tatu, zote uji.
Bi Somoe kasema: hizo silipii.

Nikapangusa lenzi kwa pindo la shati,
nikaegemeza viwiko juu ya gunia la korosho,
nikabonya kitufe nusu, nikangoja
kimraba kigeuke kijani,
pumzi nimeibana kama mwizi uvunguni.

Safari hii yote yamo:
chale za shavuni, uzi uliofumuka kangani,
na kiti cha Mzee Nantende, kitupu,
kamba zake zahesabika.

Akaitazama. Akaitazama tena.
"Nipe zile mbovu.
Pale kitini pana kama mtu."

Akafungua fundo, akalipa zote tatu.
Hiyo nzuri akaniachia.