Paka wa Barabara ya Tomintoul

Seonaid alimleta katika mfuko wa mkate,
amekakamaa kwa baridi, mkia mnene, pete nne nyeusi;
lori la maziwa lilimkuta kabla ya alfajiri.
"Niambie," akasema, akikung'uta theluji kwenye buti,
"huyu ni wa msituni au wa jikoni?"

Nikakata sikio, kipande kama punje ya mtama.
Wiki tatu baadaye mashine ikanirudishia
vipande milioni mia nne, vifupi kama vikohozi,
kazi yangu kuvishona.

Kila nukta isomwe mara thelathini, ndivyo nitakavyo.
Mahali pengine thelathini zote zasema A:
hapo baba na mama waliafikiana.
Pengine wangegawana, kumi na tano A, kumi na tano G,
na programu, kwa uvivu iliozaliwa nao, ingetaka nichague moja.
Kumbe si kosa. Ni wawili
wanaosema kwa pamoja katika kinywa kimoja.

Lakini huyu hesabu yake ilikwenda upogo:
A kumi na tano kamili, G sita tu.
Tisa hazikuitikia jina.
Nikalaumu damu, nikalaumu dawa,
nikamlaumu Ruaridh na mkono wake unaotetemeka
(mbaazi ukikosa maua...).

Usiku wa nne, chai imepoa, nikaitazama ramani yenyewe,
ile tunayolaza juu yake kila kipande kipate pa kukaa.
Ilichorwa kwa paka wa nyumbani.

Upande wa msituni ulikuja na herufi zake ngeni,
ukabisha hodi, haukufanana na yeyote wa mle ndani,
ukatupwa kwenye faili la visivyosomeka.
Nikalifungua.
Lilikuwa zito.

Nikatandika ramani ya pili, ya paka mwitu,
nikavirudisha vyote vikalale upya.
G zikaingia moja moja: nane, kumi na moja, kumi na nne.
Kila walipotofautiana wazazi, mizani ikasimama.
Chotara wa kizazi cha kwanza. Mama wa jikoni.

Fomu ya Seonaid ina visanduku viwili
na kalamu iliyofungwa kwa uzi.
Ananisubiri, koti hajavua.
Huyu hahitaji tena jibu, kazikwa nyuma ya karakana,
ila mabandani wamo watatu, wazima, mkia uleule,
na daktari wa kuhasi anakuja Alhamisi.