Magari Mawili, Jeki Moja

Babu yangu Semhando aliyajua kwa chini,
chali, mgongo kwenye jivu la kunyonya oili,
Barabara ya Saba, Ngamiani,
mwaka wa thelathini na sita, mkonge umeanza tena kupata bei.

Bugatti ilikuwa ya Mgiriki wa Ngomeni.
Buluu, kiuno cha nyigu,
silinda nane zimejipanga foleni
bila moja kukanyaga kisigino cha mwenzake.
Rimu za aluminiamu: ukizigonga kwa spana zinalia ting.
Ukiikaripia asubuhi inakununia hadi adhuhuri.
Ilitaka mafuta ya mbarika, si mengine,
na harufu ikamganda Babu shatini, watoto wakamkimbia
wakidhani anakuja kuwaharisha.

Bentley ilikuwa ya Mwingereza wa Kange.
Kijani cha jani la mkonge lililokomaa,
boneti limefungwa mkanda wa ngozi
kama mtu mnene anayeogopea suruali yake.
Silinda nne tu, lakini kila moja ndoo.
Haikujua kununa. Ilikunywa chochote, ikakohoa, ikaenda.
Kuisukuma kulitaka watu sita na tusi moja.

Na karakana ilikuwa na jeki moja.

Ikipanda hii, ile inangoja.
Mabwana hawakusalimiana hata kanisani;
walileta vikaratasi: *Langu kwanza.* *Langu kwanza.*
Babu alivifungia tumbaku,
kisha akachukua chaki, akaandika mlangoni:

*La kijani lina nguvu, la buluu lina mbio,*
*Hili hupanda kwa wivu, lile lashuka kilio,*
*Mimi chini kwenye jivu, nayapima kwa sikio,*
*Atakayeshinda nani? Mimi bado nasukuma.*

Jumapili moja wakashindana, Raskazone hadi Muheza.
Buluu ikatoka kama tusi lililoponyoka mdomoni.
Kijani ikafuata, nzito, haina haraka ya kukasirika.
Nyuma kabisa Babu, juu ya baiskeli,
jeki kwenye keria imefungwa kamba ya katani,
maana nani ajuaye tairi la nani litapasuka.

Pongwe, treni ya mizigo imelala juu ya njia.
Behewa baada ya behewa, robota baada ya robota.
Mabwana wawili bega kwa bega, kila mmoja
anatazama geji zake kama barua ya posa.
Injini tu ndizo zilizozungumza.
Babu akafika, jasho tiririri,
akabeba baiskeli begani, akapenya katikati ya mabehewa,
akatokea upande wa Muheza
peke yake.

Hadithi yake huishia hapo. Ukiuliza nani alishinda
anakuuliza wewe: una masikio?

Ikaja vita, wenyewe wakatawanyika.
Injini ya kijani ikaishia Maramba, kwenye mashine ya kusaga,
ikikohoa vilevile, ikikubali hata mafuta machafu.
Rimu za buluu zikayeyushwa na fundi wa Makorora;
Bibi akapata sufuria.
Nyepesi, Bibi alilalamika,
inashika moto kabla hujapata mwiko,
na ukiigeuzia kisogo, imeunguza.

Unga wa moja, sufuria ya nyingine.
Nimelishwa ugali huo hadi darasa la saba
bila kujua nakula ugomvi wa watu.

Jeki ninayo. Imeshikilia kona ya kabati,
upande ule mchwa walioutangulia.
Haijawahi kuniuliza
nani kwanza.