Siku Tisa

Muhuri wangu una magurudumu matatu:
siku, mwezi, na mwaka unaokwamakwama.
Kila asubuhi nalizungusha la siku kwa ncha ya kalamu,
ndipo Tanga nzima inaruhusiwa kudai.

Bi Mwanamvua Shekigenda alifika na karatasi ndani ya nailoni,
toka Makorora kwa miguu, kanga imelowa mabegani.
Jirani alisogeza ua wa mnyaa hatua tatu
mwaka ule ule aliozikwa mumewe.
Hatua tatu si kitu, wakamwambia, una msiba.
Subiri arobaini ipite.
Subiri watoto wamalize shule.
Subiri, huyu ndiye aliyekubebea jeneza.

Akasubiri.
Kwenye hatua tatu zile jirani akapanda mnazi,
mnazi ukazaa,
na kila Ramadhani akamletea madafu mawili.
"Nikanywa, mwanangu. Nikamwombea dua,
kwa maji ya ardhi yangu mwenyewe."

Sheria humpa aliyegongwa miaka mitatu,
aliyevunjiwa mkataba sita,
wa ardhi kumi na miwili,
wala haiulizi ulikuwa unamuuguza nani.
Wakili wa jirani alisimama dakika nne:
miaka kumi na miwili, mheshimiwa, na siku tisa.
Hakusema kiwanja ni cha nani.
Hakuulizwa.
Shauri likatupwa, faili likarudi kwangu kufungwa uzi.

Mchana huo huo walimshusha kwa pingu mzee mmoja wa mkonge,
kwa mtu aliyefukiwa shambani kabla mimi sijazaliwa.
Mzee akauliza, "Bado tu?"
Bado. Kwa damu, magurudumu yangu hayana kazi.

Lililobaki halimo kwenye faili.
Bi Mwanamvua alikuja kwanza Ijumaa moja,
siku tatu kabla ya ukomo.
Kidau cha wino kilikuwa kikavu,
na mimi nilikuwa na harusi Muheza, basi la saa nane.
Nikapekua karatasi zake kama mtu anayesoma.
Nikasema nakala hazitoshi.
Nikasema, "Subiri, mama, njoo wiki ijayo."
Akaitikia upesi,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.
Wiki ijayo mjukuu akashikwa na homa.

Nimelisoma jedwali la sheria mstari kwa mstari,
usiku, kwa tochi ya simu, mke wangu amelala.
Kuna muda wa deni, wa kashfa, wa kodi ya nyumba.
Wa karani hakuna.

Juzi alipita kuchukua nakala ya hukumu.
Hakunilaumu. Alisema nimemhangaikia sana,
akatua dafu juu ya daftari langu
na kuniombea dua.

Nimelisukuma chini ya meza kwa mguu.
Leo siku ya tatu.
Sijalifungua, na harufu imeanza.