Kivuli cha Safu ya Pili

Mugonji, nakuandikia usiku. Upepo wa Chang'ombe unapiga bati
na vumbi limeingia hadi chini ya vitufe vya kompyuta.
Nilitaka jambo dogo tu: mvua ipimwe, mtama upimwe,
niseme kila milimita kumi zimezaa debe ngapi kwa ekari
huko kwenu Chinangali.

Nikapanga jedwali. Misimu kumi na tisa imelala kwa mistari,
safu ya kwanza kipimo cha zahanati,
safu ya pili kipimo chako, pale shuleni,
mwendo wa sigara moja kutoka kimoja hadi kingine.
Ya tatu samadi.
Nikabonyeza.

Jibu lilikuja limelewa:
mvua ya zahanati inaongeza debe arobaini na saba,
mvua ya shuleni inapunguza arobaini na sita.
Wingu lile lile, Mugonji! Mkono mmoja unalisha,
wa pili unanyonga.

Bi Nyemo alisoma akiwa amesimama, anamenya karanga.
"Hao mapacha wamelaliana," akasema.
"Ukiwauliza pamoja, mmoja atatia chumvi
na wa pili atakanusha. Mmoja asimame kwanza."
Akaacha maganda mezani kwangu, akaenda zake.

Basi nikaivunja matriki.
Sikuigeuza kinyume; kugeuza kitu kilichokonda hivyo
ni kukalia kigoda cha mguu mmoja.
Nilisimamisha safu ya kwanza, nikaifanya urefu wake moja.
Kisha nikauliza: ya pili inaangusha kivuli gani juu yake?
Nikakipima kile kivuli, nikakitoa.
Kilichobaki kilisimama pembe mraba,
chembamba, ukope.

Upande huu sasa nguzo zilizonyooka,
hazigusani ila kwenye shina.
Upande ule pembetatu ya namba, chini yake sifuri tupu,
nayo unaifumua kama ukili:
unaanza na fundo la mwisho, samadi, lenye jibu moja tu,
ukishalijua, la juu yake linalegea,
halafu la juu yake.

Ila fundo la katikati lilikuwa lako, na halikulegea.
Lingening'inia wapi, kwenye ukope?

Nikarudi kwenye daftari za kila siku,
safari hii kutoa kwa mkono, yako kwa ya zahanati.
Jumatatu, nukta nane. Jumatano, hasi mbili na nusu.
Sawa, wingu haligawi kwa mizani.
Jumamosi, sifuri.
Jumamosi ya pili yake, sifuri,
na ya tatu, na masika yote, sahani iliyorambwa.

Jumamosi ni mnada.
Ulipeleka mbuzi, au ulikaa tu penye moshi wa nyama,
na Jumapili ukanakili daftari la zahanati
kwa huo mwandiko wako mzuri.

Bi Nyemo sijamwambia. Nimeziacha Jumamosi zako wazi,
nikavunja upya, na ukope umenenepa kidogo.
Sasa milimita kumi zinazaa debe moja kasoro,
namba ya kawaida, haina maringo. Wakubwa wataipokea.

Lakini msimu wa kumi na nne haukai.
Mvua hamkupata, ya zahanati wala yako,
samadi ilikuwa ile ile, na mtama ukajaa.
Unajua mlingoti wa bendera hapo shuleni,
saa sita za mwanzo wa Machi, jua likiwa utosini,
unavyosimama mzima mzima bila kivuli?
Mabaki ya mwaka ule yamesimama hivyo
juu ya kila nilichopima.

Wewe ulikuwapo.
Nitapanda basi la asubuhi. Usiandike kitu, usilete daftari,
niambie tu mlipanda nini, lini, na nani alianza.
Nitakuja Jumatatu.
Jumamosi najua haupo.